Wiki ya Kulwa, Wiki ya Doto

Mageni alikuwa mtu wa haki. Hata wasiompenda walikiri hivyo, na wasiompenda walikuwa wachache. Akigawa viazi, alipima kwanza kwa jicho, kisha kwa kiganja. Halafu alimega kipande upande huu na kukihamishia upande ule. Wageni waliokula nyumbani kwake walizoea kusubiri mpaka chakula kipoe.

Aliishi na mkewe Zipora katika kijiji kilicho nje kidogo ya Rwamgasa. Walilima mpunga na karanga, na walikuwa na ng'ombe. Asubuhi Zipora aliuza uji na maandazi kwa wachimbaji wa dhahabu. Mtoto wao mkubwa, Davis, alikuwa ameondoka kutafuta maisha upande wa Kahama. Nyumbani walibaki mapacha wawili wa kike. Kama ilivyo desturi ya Wasukuma, wa kwanza kuzaliwa aliitwa Kulwa na wa pili aliitwa Doto. Walifanana sana. Mama yao aliwatofautisha kwa mwendo, na baba yao aliwatofautisha kwa kuwauliza.

Mapacha hao walipozaliwa, mama mzazi wa Mageni alimwonya mwanawe.

"Mapacha usiwatenge," alisema. "Ukimpa mmoja, mpe na mwingine. Ukimnyima mmoja, mnyime na mwingine."

Mageni hakuwa mtu wa kuamini kila anachoambiwa. Lakini jambo hili lilikubaliana na tabia yake, naye akalishika.

Watoto walipofikia umri wa kwenda shule, Mageni alipata shida. Wote wawili wakienda shule, ng'ombe watakosa mchungaji. Akienda mmoja, mwingine atakuwa ametengwa. Alilifikiria jambo hilo tangu kupanda hadi kuvuna, kisha akapata jibu ambalo hakuna mtu mwingine kijijini aliyewahi kulipata. Alikwenda shuleni akaandikisha jina moja, la Kulwa. Alinunua sare moja. Wiki moja Kulwa alivaa sare na kwenda shule, na Doto alichunga. Wiki iliyofuata Doto alivaa sare ileile na Kulwa alishika fimbo.

"Baba," Doto aliuliza siku yake ya kwanza, "wakiita Kulwa, niitike?"

"Itika."

"Lakini mimi si Kulwa."

"Wiki hii ndiye wewe," alisema Mageni.

Mpango huo ulidumu mpaka darasa la nne. Walimu hawakugundua, na si ajabu. Shule ilikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Kila iliposikika kwamba dhahabu imeonekana mahali karibu, watu walimiminika. Wachimbaji huuita mmiminiko huo rashi. Walikuja na watoto wao, na watoto wakaja shuleni. Mwishowe shule iligawanywa zamu mbili. Madarasa ya juu, kuanzia la nne, yalisoma asubuhi. Madarasa ya chini yalisoma mchana. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa la namna ile aliona vichwa. Nyuso hakuwa na nafasi ya kuziona.

Jumatatu moja asubuhi, Zipora alikuwa akimfunga Doto vifungo vya shati. Kulwa alikuwa amekwisha kushika fimbo.

"Ijumaa mlifika wapi?" Doto aliuliza.

"Tumeanza kugawanya," alijibu Kulwa.

"Kugawanya kukoje?"

"Unaandika namba kubwa. Halafu unaiwekea kama kibanda. Halafu..." Kulwa aliwatazama ng'ombe, ambao walikuwa wanaelekea kwenye mihogo ya jirani. "Halafu utaona mwenyewe!"

Akakimbia. Doto akaenda shule akiwa na habari za kibanda.

Mwalimu wa hisabati alikuwa mpya. Aliitwa Noela. Alikuwa na tabia ya kuwaita watoto ubaoni mmoja mmoja, hata kama kipindi kitaisha kabla hajafika nusu ya darasa. Wiki iliyopita alikuwa amemwita Kulwa Mageni, naye Kulwa aligawanya namba mbele ya wenzake bila kukosea. Leo alimwita tena.

"Kulwa, njoo utuonyeshe."

Doto alisimama. Alichukua chaki. Aliandika namba kubwa na kuijengea kibanda kizuri sana. Kisha akaishia hapo.

"Endelea," alisema Mwalimu Noela.

"Sijui, mwalimu."

"Wiki iliyopita ulijua."

"Hapana, mwalimu."

"Kulwa, mimi mwenyewe nilikuona. Mtoto hasahau kugawanya kati ya Ijumaa na Jumatatu."

Doto aliona kwamba anaitwa mwongo, na mwongo hakuwa yeye.

"Sikusahau," alisema. "Ulifundisha wiki ya mwenzangu."

Mwalimu Noela aliweka kitabu mezani.

"Mwenzako gani?"

Doto alitazama miguu yake. Msichana wa dawati la mbele akamwonea huruma.

"Mwalimu, huyu ni Doto," alisema. "Kulwa yuko machungani. Yeye ni wiki ijayo."

Ikadhihirika kwamba darasa zima lilijua tangu darasa la kwanza. Hawakuwa wamemwambia mwalimu yeyote, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewauliza.

Jioni ile Mwalimu Noela alikwenda nyumbani kwa Mageni. Alimkuta akitengeneza mlango wa zizi.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Mama Kulwa! Mgeni!"

Zipora alileta kiti. Mwalimu aliulizwa habari za nyumbani, za kazi na za safari, naye akazijibu zote. Kisha akasema kilichomleta. Mageni hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyesubiri kwa muda mrefu kupongezwa.

"Umeona mwenyewe mpango ulivyo sawa?" alisema. "Kulwa wiki moja, Doto wiki moja. Hakuna aliyependelewa."

"Nimeona, baba. Lakini kila mmoja amekosa nusu ya masomo."

"Na kila mmoja amepata nusu."

"Nusu ya Kulwa na nusu ya Doto hazifanyi mtoto mmoja aliyesoma. Kulwa anajua kugawanya, Doto hajui. Doto anajua kusoma saa, Kulwa hajui. Nimewapima wote wawili jioni hii huko machungani kabla ya kufika hapa."

Mageni aliweka nyundo chini.

"Mwalimu, nikuulize. Shule yenu inakwenda kwa zamu. Asubuhi hawa, mchana wale. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Zamu ikiwa shuleni ni mpango. Zamu ikiwa kwangu ni kosa?"

Mwalimu Noela alikiri moyoni kwamba swali hilo halikuwa la kipumbavu. Alikuwa amewahi kuwauliza wakubwa wake swali lililofanana nalo.

"Zamu ya shule si nzuri, baba," alisema. "Imeletwa na uhaba wa madarasa. Lakini hata hivyo, kila mtoto anakuja kila siku. Wako anakuja wiki moja na kukaa nyumbani wiki nyingine. Na kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka huu darasa la nne wanafanya upimaji wa kitaifa. Hivi karibuni tutapeleka majina. Kwangu nina jina moja tu, Kulwa Mageni. Siku ya upimaji ataingia mmoja. Mwingine, kwa shule, hajazaliwa."

Zipora, aliyekuwa akichambua mboga, aliacha.

"Hajazaliwa?" alisema. "Nilimzaa mimi. Namkumbuka vizuri sana, maana alichelewa."

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Doto aandikishwe kwa jina lake. Sheria inataka kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni. Wote wawili waje kila siku."

"Na ng'ombe?" aliuliza Mageni.

Mwalimu hakuwa na jibu la ng'ombe. Alikuwa amesomea ualimu.

Uso wa Mageni ulikuwa wa mtu anayepima viazi.

"Anaingia mmoja tu," alisema. "Na mimi siwezi kumchagua mmoja. Basi kuanzia kesho hakuna anayekwenda. Wote watachunga."

"Baba Kulwa!"

"Itakuwa sawa," alisema Mageni.

Mwalimu Noela alirudi nyumbani kwake akitafakari. Alikuwa amekwenda kuongeza mtoto mmoja shuleni, na sasa amempoteza hata yule aliyekuwepo.

Kesho yake Kulwa na Doto walikwenda wote machungani. Mwanzoni walifurahi, kwa sababu hawakuwahi kuchunga pamoja siku ya shule. Furaha hiyo iliisha kabla ya saa sita mchana. Walikaa kwenye kivuli wakachora kibanda cha kugawanya mchangani. Kulwa alijaribu kumfundisha mwenzake, lakini alifika mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa hajafundishwa.

"Baada ya hapa?" aliuliza Doto.

"Baada ya hapa ni wiki hii," alisema Kulwa.

Nyumbani, Zipora hakugomba. Alimwandalia mume wake chakula cha mchana. Mageni alinawa, akafunua sahani. Palikuwa na ugali peke yake.

"Mboga iko wapi?"

"Leo ni zamu ya ugali," alisema Zipora. "Mboga ni kesho."

Mageni alimtazama. Zipora alikuwa ametulia kabisa. Mageni alikula ugali mkavu. Kesho yake alifunua sahani akakuta mlenda mtupu.

"Mama Kulwa, mlenda huu unaliwa na nini?"

"Na ugali. Si ulikula jana?"

"Ugali wa jana utasaidiaje mlenda wa leo?"

"Sijui," alisema Zipora. "Mimi sipendelei. Ugali umepata siku yake, mlenda umepata siku yake. Ni sawa kwa sawa."

Mageni alikaa na kijiko mkononi. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akionyeshwa hesabu yake mwenyewe hawezi kujifanya hakuiona.

"Ng'ombe ndio tatizo," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Watoto hawa nawapenda wote, Zipora."

"Najua unawapenda. Ungempenda mmoja, angalau yeye angesoma."

Akamletea ugali.

Jumamosi ile ulikuwepo mkutano wa wazazi shuleni. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Bashiri, mwenye duka, ambaye familia yake ilitoka Tabora zamani. Alijua kuendesha mkutano. Kila aliyepaza sauti alimwambia akae, na kila aliyenyamaza alimwambia asimame.

Wa kwanza kusimama alikuwa Edson, jirani wa Mageni na mfugaji kama yeye.

"Mimi nasema wazi," alisema. "Madarasa yamejazwa na watoto wa machimboni. Wazazi wao leo wako hapa, kesho rashi ikitokea Buseresere wanahamia huko. Watoto wao wote wawekwe zamu ya mchana. Watoto wetu, wenyeji, wasome asubuhi wakati akili haijachoka."

Watu wengi walipiga makofi. Mwamvua, mama lishe wa machimboni, alisimama bila kusubiri kuruhusiwa.

"Kwani, Baba, mwanangu ana kichwa cha mchana na wako ana kichwa cha asubuhi?"

"Sijasema hivyo."

"Na karanga zako unamuuzia nani? Zikifika kwangu mbona huulizi mimi ni mwenyeji wa wapi?"

Watu walicheka. Bashiri aligonga meza na kumwambia Mwamvua akae, kisha akamwambia Mwalimu Noela asimame.

"Nimetazama mahudhurio ya darasa langu," alisema Mwalimu Noela. "Watoto wa machimboni wanakuja. Wakati mwingine wanakuja na njaa, lakini wanakuja. Wanaokosa zaidi ni watoto wa wenye ng'ombe. Wazazi wangu, mnagombania madawati ambayo watoto wenu hawayakalii."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Edson," aliita Bashiri kwa upole, "kijana wako Eustace yuko darasa la ngapi?"

Edson alifikiri. "La tano," alisema.

"Niko naye darasa la nne," alisema Mwalimu Noela. "Nimemwona mwezi huu mara chache sana."

Edson alikaa.

Ndipo Mageni aliposimama. Hakuzoea kusema mkutanoni, kwa hiyo alisema moja kwa moja.

"Mimi nina watoto wawili wa kusoma na nafasi moja. Niligawa nafasi ile katikati. Mwalimu ameniambia nimekosea, na mke wangu amenipikia kwa namna ambayo nimeelewa. Sasa naomba mtu mmoja tu aniambie ng'ombe watachungwa na nani. Hilo ndilo ambalo hakuna anayelijibu. Kila mwaka tunaambiwa mtoto asome, na kila mwaka ng'ombe wanakula."

Walimu walitazamana. Sera nyingi zilikuwa zimesomwa katika uwanja ule, na hakuna hata moja iliyomtaja ng'ombe. Aliyejibu alikuwa Zipora, na hakusimama.

"Zamu si kitu kibaya," alisema. "Mmeiweka mahali pasipo pake. Mmewapa watoto. Wapeni ng'ombe."

"Kivipi?" aliuliza Bashiri.

"Ng'ombe wetu, wa Edson na wa majirani wengine wanalala mahali mbalimbali, lakini malisho ni yaleyale. Wachungwe pamoja. Kila nyumba itoe mtu mzima siku yake. Ukichunga siku moja, siku zinazofuata unapumzika au unalima, na mwanao yuko shuleni."

Minong'ono ilipita upande wa wanaume.

"Mimi mtu mzima nikachunge?" alisema mmoja.

"Ng'ombe ni wa nani?" aliuliza Zipora.

"Ni wangu."

"Wakiuzwa, mtoto anapewa kichwa au mkia?"

Wanawake walicheka kwa muda mrefu.

"Tatizo liko moja," alisema Edson. "Ng'ombe wa Mageni ni wakorofi. Wanavunja mashamba."

"Ng'ombe wangu?" Mageni alisimama tena. "Yule dume wako mwenye pembe moja ndiye anayewafundisha!"

Waligombana juu ya dume huyo kwa dakika kadhaa, na Bashiri aliwaacha. Aliona kwamba watu wanaogombana namna hiyo wamekwisha kukubaliana juu ya jambo lenyewe. Mpaka mkutano unafungwa, nyumba sita zilikuwa zimekubali. Zilimchagua Mageni kupanga zamu, kwa sababu kila mtu alijua kwamba hata akitaka kupendelea hataweza. Mageni aliweka sharti moja. Anayechunga lazima awe mtu mzima. Atakayemtuma mtoto, atachunga yeye na siku inayofuata.

Jumatatu Mageni aliwapeleka mapacha wote kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Marcel. Alikwenda akiwa tayari kukaripiwa. Mwalimu Marcel alimwandikisha Doto, kisha akavua miwani.

"Kosa hili si lako peke yako, Baba Kulwa," alisema. "Wewe uligawa nafasi moja kwa watoto wawili. Sisi tumekaa na binti huyu miaka yote hii tukimwita kwa jina la dada yake. Mtoto wa umri wa kusoma hakataliwi hapa. Tutampima, naye jina lake litakwenda pamoja na la mwenzake."

Darasani, Mwalimu Noela aliita majina.

"Kulwa Mageni!"

"Nipo!" waliitika wawili.

Darasa lilicheka. Kulwa alimpiga mwenzake kiwiko.

"Doto Mageni!"

Mwalimu aliita tena. Doto alikuwa amekaa wima akisubiri, kama wanavyosubiri wengine, kusikia huyo aliyeitwa anaitikaje. Hakuwahi kulisikia jina hilo ndani ya darasa.

"Ni wewe," Kulwa alimnong'oneza. "Wewe ni wewe."

"Nipo," alisema Doto. Halafu, kwa kuwa aliona sauti haikutosha, akasema tena: "Nipo, mwalimu!"

Kazi haikuishia hapo. Kila mmoja alikuwa na mashimo katika masomo yake, na mashimo hayo hayakuwa mahali pamoja. Saa ya katikati, zamu ya asubuhi ilipotoka na ya mchana haijaingia, Mwalimu Noela alibaki nao. Kulwa alifundishwa kusoma saa na mambo machache mengine. Doto alihitaji zaidi. Alipewa muda mrefu, na vitabu vya kusoma nyumbani alipewa yeye. Kulwa alimaliza mapema na kuruhusiwa kuondoka.

Baada ya siku chache Mageni alifika shuleni. Alikuwa na wasiwasi.

"Mwangaluka, mwalimu," alimsalimu kwa Kisukuma. "Sikuja kugomba."

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Doto anakuja nyumbani na vitabu. Kulwa anakuja mikono mitupu. Doto anafundishwa sana, Kulwa kidogo. Mwalimu, hawa ni mapacha. Hawapewi tofauti."

Mwalimu Noela sasa alikuwa amejifunza kwamba mtu huyu hashindwi kwa maneno ya vitabuni.

"Baba Kulwa, juzi afisa mifugo alileta dawa ya minyoo. Uliwanywesha ng'ombe wako?"

"Wote."

"Kila mmoja kipimo kilekile?"

Mageni alimtazama kama mtu anayemsikitikia mjinga.

"Haiwezekani. Ni kwa uzito. Fahali ana kipimo chake, ndama ana chake."

"Ukimpa ndama kipimo cha fahali?"

"Utamuua."

"Na fahali ukimpa kipimo cha ndama?"

"Umepoteza dawa. Minyoo itabaki."

"Kwa hiyo uliwapa tofauti."

"Niliwapa tofauti ili wote wapo..." Mageni aliacha katikati ya neno.

Mwalimu Noela alisubiri. Hakutabasamu, kwa sababu alimheshimu.

"Ili wote wapone," Mageni alimalizia, polepole. "Basi Doto amekosa zaidi?"

"Upande wa hesabu, ndiyo. Mambo mengi mapya yaliangukia wiki ambazo hakuwepo. Hilo si kosa lake na si uzembe. Nikiwapa sawa leo, mmoja atabaki nyuma daima. Nikimpa kila mmoja kinachompungukia, watafika pamoja."

"Mama yangu alisema nisiwatenge."

"Hujawatenga, baba. Mama yako hakusema uwape kipimo kimoja cha dawa."

Mageni alifikiri juu ya jambo hilo njia nzima. Alipofika nyumbani alimkuta Doto amekaa mlangoni na kitabu, na Kulwa anatwanga karanga. Alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Kisha akakaa karibu na Kulwa akachukua mchi.

"Nenda ukamsaidie mwenzako anapokwama," alisema. "Karanga nitatwanga mimi."

Siku ya upimaji mapacha waliondoka nyumbani asubuhi wakiwa wamevaa sare mbili. Zamu ya kuchunga ilikuwa ya Mageni. Alisimama na kundi la nyumba sita, akiwemo yule dume mwenye pembe moja, ambaye kwa kweli alikuwa mkorofi. Kutoka pale aliiona barabara ya shule. Aliwaona wasichana wawili wakipita. Kwa umbali ule hakuweza kujua yupi ni yupi, na kwa mara ya kwanza hakuona sababu ya kuuliza.

Matokeo yalipotoka, wote wawili walifaulu kuendelea na darasa la tano. Hawakulingana. Kulwa alimzidi mwenzake katika hesabu, na Doto alimzidi katika kusoma, kwa kuwa vitabu vile alikuwa amevisoma vyote. Edson alimuuliza Mageni ni yupi kamshinda mwenzake. Mageni alimjibu kwamba Eustace naye amefaulu, na kwamba leo ni zamu ya Edson.

Mwaka uliofuata ulifanyika mkutano mwingine. Afisa elimu wa kata alikuja kueleza mageuzi ya elimu. Alisema kwamba kwa sera mpya elimu ya lazima itakuwa miaka kumi, na kwamba mtoto hataishia shule ya msingi kama zamani.

Uwanja ulianza kunguruma.

"Miaka kumi!" alisema mtu mmoja. "Huyo mtoto ataoa lini?"

"Shule za kuwapeleka ziko wapi?" aliuliza mwingine. "Hapa hata madawati hayatoshi."

"Na walimu?" alisema Mwamvua. "Miaka kumi ya zamu ya nusu siku ni miaka mitano."

Afisa alikubali kwamba swali la mama huyo lina uzito, na akaliandika. Bashiri aliendelea kuwaambia watu wakae. Mwishowe alimwona Mageni amenyamaza, akamwambia asimame.

"Baba Kulwa, wewe ulikuwa mtaalamu wetu wa kugawa," alisema Bashiri. "Miaka kumi hii unaionaje?"

Watu walicheka kidogo, bila ubaya. Mageni alisimama. Alivua kofia.

"Maswali yenu ni ya haki," alisema. "Madarasa yajengwe, na mama huyu ajibiwe. Mimi nina neno moja dogo. Nina watoto wawili shuleni, kwa majina mawili. Afisa, ulivyosema miaka kumi, sisi nyumbani kwangu tumeelewa hivi: kumi ya Kulwa, na kumi ya Doto."

Alitazama huku na huku, kama mtu anayemtafuta atakayebisha.

"Asije mtu akaniambia ni tano na tano," alisema.

Akavaa kofia yake akaketi. Doto na Kulwa, waliokuwa wakisikiliza kupitia dirisha la darasa la tano, walirudishwa kwenye dawati lao na mwalimu. Kipindi kilikuwa hakijaisha.